Mwalimu Lian Aliyekula Karatasi

Ukipita sokoni kwetu Heiyukou ukamtaja Mwalimu Lian, watu wanacheka kabla hujamaliza jina. "Yule mla karatasi?" Kuna muuza tofu mmoja, kila akimwona mzee anapita na mitungi yake ya siki, anapaza sauti: "Mwalimu, umeshafungua kinywa leo, au nikuletee kitabu?"

Huyo muuza tofu nimeshamng'oa jino moja. Akiendelea nang'oa la pili.

Watu wanasema mimi nina hasira za bure, eti nilizaliwa nimekunja ngumi. Hasira ninazo, sikatai. Lakini kwa habari ya mzee huyu zina sababu, na sababu hiyo sijamwambia mtu yeyote, hata kaka yangu. Hasa kaka yangu.

Mimi ni Hao Sanquan. Nyumbani wananiita Watatu kwa kuwa ni mtoto wa tatu. Shule nilikaa msimu mmoja wa baridi, hekaluni, nikajua herufi kama mia hivi, halafu mwalimu wa pale akanichapa, na mimi nikamchapa, ikaishia hapo; herufi nyingine nimeziokota ukubwani. Kwa hiyo msitegemee maneno ya kupendeza. Nitasema kama ilivyokuwa.

Mwalimu Lian alikuwa msoma mistari wa Shimo la Kaskazini. Shimo la makaa ya mawe, nalo ndilo linalotulisha wote. Mtu haingii kuvunja ukuta mpya mle kabla sarafu hazijaulizwa. Sarafu tatu za shaba, zile zenye tundu katikati. Unazirusha mara sita, kila mara unapata mstari mmoja. Mstari ni mzima, au umekatika katikati. Sarafu mbili zikifanana na moja ikikataa, mstari ni mchanga, umetulia. Zote tatu zikilala upande mmoja, mstari huo ni mzee, umechoka kuwa vile ulivyo, unageuka. Mzima unakatika, uliokatika unaungana. Ukiwa mzima unauwekea kiduara pembeni, watu wajue ndio huo unaotembea.

Basi unakuwa na picha mbili. Ya kwanza ni mahali uliposimama. Ya pili, baada ya mstari kugeuka, ni mahali unapokwenda. Na ule mstari wenye kiduara ndio mlango wa kutokea huku kwenda kule. Kazi ya Mwalimu ilikuwa kusoma mlango.

Karatasi ikishasomwa inabandikwa kwenye nguzo, pale kwenye mdomo wa shimo. Hakuna karatasi, hakuna kazi. Ikichanika watu wakiwa chini, upatu unagongwa na wote wanapanda, hata kama mwenye shimo analia machozi. Hiyo haijaandikwa popote. Lakini jaribu kuwaambia watu wa roda wazungushe kamba ya kapu la kuteremkia wakati nguzo iko tupu, uone kama kuna atakayeshika mpini.

Mzee mwenyewe sasa. Mrefu, kapinda shingo, ndevu nywele kumi na mbili ukizihesabu. Muoga! Sijawahi kuona mtu mzima muoga vile. Anaogopa mbwa. Anaogopa bata bukini wa jirani, anazunguka uchochoro mzima asikutane nao. Daraja likilowa anavua viatu, anavuka kwa kutambaa. Na shimo halisogelei. Palikuwa na jiwe la kusagia mtama lililovunjika, hatua ishirini kutoka mdomo wa shimo. Pale ndipo mwisho wake. Anasomea pale pale, anampa mtu karatasi akabandike, anaondoka haraka haraka kama anafukuzwa.

Sarafu pia hakuzigusa. Miaka minane hakuzigusa. Tuliorusha ni sisi, watu wa shimo, mkewe anachora mistari, na yeye anasoma karatasi tu. Tulidhani ndiyo desturi. Kumbe.

Vuli ile, mtama ukiwa umeshavunwa, kikosi cha kaka yangu Dequan kilifika mwisho wa njia. Mbele yao ukuta. Nyapara Que anautaka uvunjwe, anasema nyuma yake makaa yamelala mazito kama nguruwe. Siku hiyo Dequan alirudi nyumbani, akakaa, akaweka vijiti juu ya bakuli bila kula.

"Ukuta unatoka jasho," akasema.

Mkewe, shemeji yangu, akaacha kupakua. Alikuwa na mimba ya miezi saba.

"Jasho vipi?" nikauliza mimi.

"Jasho. Unaweka kiganja, kinatoka kimelowa. Baridi. Ukinusa, kama yai viza."

Kila mtu hapa anajua maana yake. Babu zetu walichimba hovyo, kila mtu na tundu lake, makaa yakiisha wanahama. Matundu yakajaa mvua. Maji yamekaa humo gizani miaka na miaka, na hakuna anayejua yako wapi, kama ni hatua mia kutoka kwako au ni unene wa kiganja. Unagonga sururu mara moja zaidi, basi.

"Mwambie Nyapara," shemeji akasema.

"Nimemwambia. Kasema ni mimi ndiye ninayetoka jasho. Kesho wanauliza sarafu."

"Na sarafu zikisema ingieni?"

Dequan akachukua vijiti. "Tunaingia. Watu tisa, na mkubwa wao ni mimi. Nitasema nini?"

Asubuhi nikaenda kwa Mwalimu Lian kuchukua sarafu. Mkewe hakuwepo. Binti yao alikuwa amejifungua kijiji cha pili, na mama kaenda kumtunza mpaka mwezi utimie. Mzee alikuwa kitandani, kavimba koo, kajifunga kitambaa kama bibi.

"Nani atachora?" akauliza.

"Mimi."

"Unajua kuchora?"

"Mwalimu, mimi nimesoma."

Akanitazama kidogo. Laiti angeuliza swali moja tu zaidi. Lakini kwake yeye kuniuliza mstari wa kwanza unakaa wapi ni sawa na kumuuliza mtu kiatu kinavaliwa wapi. Na mimi, kama nilikuwa na shaka hata chembe, ningejifia kuliko kuuliza. Akanipa sarafu zimefungwa kwenye kitambaa chekundu, kwa kushika ncha za kitambaa tu.

Tukarushia kwenye kibanda cha mungu wa shimo, mbele ya kikosi kizima. Nyapara Que amesimama mgongoni kwangu anapumua kitunguu saumu.

"Upesi, Watatu. Makaa hayaoti miguu yakapanda yenyewe."

"Kama una haraka rusha wewe."

"Mdomo huo! Rusha."

Nikarusha. Ya kwanza: mstari uliokatika. Nikauandika. Ya pili sarafu zikadunda kwenye sahani, zikazunguka, zikalala zote tatu chali. Nyuma yangu watu wakavuta pumzi kama mtu mmoja. Mstari mzima, mzee. Nikauwekea kiduara. Ya tatu uliokatika, ya nne uliokatika, ya tano mzima, ya sita uliokatika. Hizo zote zilitulia. Nikaandika kama maandishi yote yanavyoandikwa duniani, kuanzia juu, kushuka chini. Hata sikufikiri. Kwani barua inaanza wapi?

Nikampelekea mzee. Alipoona tu picha akashika koo lake.

"Maji juu," akasema. "Maji chini. Shimo ndani ya shimo."

Nikamfikiria Dequan na kiganja chake kilicholowa.

"Basi hawaingii?"

"Subiri." Kidole chake kikatembea juu ya karatasi bila kuigusa, kikasimama kwenye kiduara, wa pili kutoka juu. Uso ukaanza kufunguka, polepole, kama mtu aliyefikiri kibeti kimeibwa halafu anakihisi mfukoni. "Ah. Ah! Unatembea hapa. Hapa shimo limejaa lakini halifuriki. Na ukigeuka huu, juu panakuwa ardhi, chini maji. Maji yamekaa ndani ya udongo wake, Watatu. Yametulia. Yako, lakini hayana neno na mtu."

"Waingie?"

"Wasifanye papara. Lakini waingie."

Akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Ilikuwa kama kukohoa.

Nikakimbia na karatasi, nikaibandika mwenyewe kwenye nguzo. Usiku Dequan alikula bakuli tatu.

Kulipokucha wakateremka, wawili wawili kwenye kapu, kaka yangu akiwa wa mwisho. Kapu likizama aliniinulia kidole cha mwisho, kama tulivyofanya utotoni. Mimi ni mbebaji wa juu, chini siendi. Nilikuwa nasubiri makapu yaanze kupanda, Nyapara akanifokea: "Unazubaa nini? Karudishe sarafu za watu."

Nikaenda. Mwalimu koo limepungua, amepika tambi, ananilazimisha nikae. Kamwaga siki mpaka macho yananiwasha. Alikuwa na furaha, na furaha ilimfungua mdomo, akaanza kunieleza habari ya Shimo la Mashariki bila mimi kuuliza.

"Wale saba," akasema, "unawakumbuka?"

"Nilikuwa mdogo. Namkumbuka mmoja, alikuwa akinichongea filimbi."

"Picha ilitoka mbaya, Watatu. Mbaya wazi. Na nyapara wa wakati ule alikuwa amenikazia macho, na mwenye shimo amekaa pale na chai yake. Mimi nikasema hatari ipo lakini ni ndogo. Neno hilo tu. Ndogo." Akazungusha tambi. "Wajane wao wananisalimia mpaka leo. Wangenitemea mate ningelala vizuri zaidi. Tangu siku hiyo sarafu sijazigusa. Ningekuwa mimi jana, zikalala zote tatu chali mbele yangu, ningekufa pale pale."

"Hata mimi niliruka!" nikasema, nimejaza mdomo. "Ndiyo kwanza narusha mara ya pili, hata sijatulia, naona hizo zimelala..."

Vijiti vyake vikasimama hewani.

"Mara ya ngapi?"

"Ya pili."

"Ya tano."

"Ya pili, Mwalimu. Kwani nani alirusha?"

Tambi zikaanza kuteleza kutoka kwenye vijiti, moja, nyingine, zikirudi bakulini. Hakuziona.

"Mstari wa kwanza," akasema taratibu sana, "uliuweka wapi?"

"Juu. Ungewekwa wapi?"

Akasimama. Bakuli likaanguka, likapasuka, siki ikatapakaa sakafu nzima. Akanishika ukosi, yeye ambaye bata wanamfukuza.

"Nyumba inaanza kujengwa kwenye paa? Mtu anaanza kuota nywele halafu ndiyo miguu? Inapandishwa! Kutoka ardhini inapandishwa! Wa kwanza ni nyayo! Wa pili ni hapa!" Akajipiga kigimbi cha mguu. "Wewe umeuweka hapa!" Akanipiga kifuani.

"Sasa... sasa inasemaje?"

Akasoma. Nadhani hakuweza kujizuia, miaka yote ile.

"Shimo lina hatari, asiyetaka kufa atake kidogo, asitake zaidi. Na ukigeuka, ardhi iko chini. Maji yako juu yake." Akatazama mlango. "Maji yametoka nje."

Sikumbuki mlango. Nakumbuka nakimbia na nyuma yangu nasikia kiatu kimoja tu kinapiga chini, tap, kimya, tap, kimya, maana kingine alikiacha kwenye siki. Tulipita katikati ya bata. Nikageuka kidogo nikaona anapita katikati yao, wanamdonoa miguu, wala hatazami. Hapo ndipo woga uliponishika kikweli. Kama yeye haogopi bata, basi kaka yangu ameshakufa.

Nyapara Que alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na roda, anabangua karanga.

"Wapandishe!" nikapiga kelele. "Gonga upatu!"

"Umeota?"

"Gonga upatu, Nyapara, nakuomba, maji..."

"Karatasi ile pale. Maji yametulia. Si wewe uliyeibandika? Tena ulikuwa unachekelea."

Mwalimu akafika, anahema, mkono kwenye mbavu. Akasimama kwenye jiwe lake, hatua ishirini, kama kamba imemkaza.

"Nimesoma vibaya," akasema.

Mimi nikafungua mdomo. Nilitaka kusema, nawaapia nilitaka kusema. Akanitupia jicho moja tu. Halafu akarudia, kwa sauti watu wote wa roda wasikie: "Ni mimi. Macho yangu. Jana nilikuwa na homa, nimesoma vibaya. Wapandishwe."

Nyapara akacheka karanga zikamtoka. "Mwalimu, mwaka jana uliogopa kivuli cha punda. Mwaka juzi ukasema harufu ya moshi imebadilika, tukapoteza siku mbili. Sarafu zinaulizwa mara moja, zinajibu mara moja. Wewe ndiye uliyetufundisha."

"Sisemi ziulizwe tena. Nasema zilishajibu, mimi ndiye sikusikia."

"Nenda kalale."

Hapo nikapandwa na mori. Nikampiga Nyapara. Kwenye pua, damu ikaruka. Na huo ulikuwa ujinga wa pili, maana watu wanne wa roda wakaacha mpini, wakanirukia, wakanilaza kifudifudi kwenye vumbi la makaa, na Nyapara sasa ana sababu: mimi nimelewa, mimi ni mwendawazimu, mimi nifungwe. Dakika zinakwenda. Sikio langu liko chini, kwenye udongo, nikasikia, au nilidhani nasikia, du, du, du. Sururu. Kaka yangu anagonga ukuta.

"Dequan!" nikaita ardhini, kama mjinga.

Niliinua kichwa nikaona miguu ya Mwalimu. Mmoja una kiatu, mwingine hauna, umelowa siki, na damu pale bata walipomdonoa. Miguu imeliacha jiwe. Hatua moja. Nyingine. Alikuwa anatetemeka mpaka kanzu yake inapiga piga. Mdomo wa shimo hauna ukingo, na nguzo iko pale pale pembeni, ukiteleza unakwenda. Alipokaribia akafumba macho, akatembea hatua tatu za mwisho hivyo hivyo, mikono mbele, mpaka vidole vikagusa nguzo.

Akachana karatasi.

"We mzee!" Nyapara akaruka. "Lete hapa! Nitaibandika tena!"

Mwalimu Lian akaikunja mara moja, akaitia mdomoni.

Nyapara akamshika taya. Alimminya kama mtu anavyomnywesha punda dawa, kaingiza vidole, mzee akaviuma. Anatafuna, macho bado kayafumba, wino unamtoka pembeni unateremka kwenye zile ndevu kumi na mbili, machozi nayo yanateremka. Visigino vyake viko upana wa viganja viwili kutoka kwenye shimo. Akameza. Nikaona koo lile lililovimba linavyoikataa karatasi, na linavyoikubali.

Wanaume walionilalia wakaanza kuwa wepesi. Mmoja akainuka, halafu wa pili. Yule mkubwa wao akajipangusa magoti, akaitazama nguzo tupu.

"Hakuna karatasi, Nyapara," akasema.

"Nitaandika nyingine!"

"Hakuna karatasi."

Akaenda mwenyewe akagonga upatu.

Sijui kama mmewahi kusubiri kapu. Roda inalia, kamba inakuja, inakuja, haiishi. Wawili wa kwanza wakatokea wamenuna. "Nini tena?" Wawili wengine. "Nani amekufa?" Wengine wawili, wakitukana. Saba, nane. Mmoja akasema, "Tulikuwa tumebakiza kidogo tu, ukuta umeshaanza kuita." Yaani umeanza kutoa sauti ya uwazi. Alisema hivyo akitabasamu.

"Dequan yuko wapi?"

"Alikuwa nyuma yetu. Karudi kuchukua sururu yake."

Kapu likashuka tupu. Kamba ikalegea. Mtu akiingia anaitikisa mara mbili. Haikutikisika. Watu wa roda wameshika mpini, wanaitazama. Mimi nimeikazia macho mpaka naona nyuzi zake moja moja. Mwalimu alikuwa ameketi chini ya nguzo, ameikumbatia, anahesabu kitu kwa midomo bila sauti. Nilifikiri anaomba. Nikasikiliza. "Saba," anasema. "Saba. Saba. Saba."

Kamba ikatikisika. Mara moja. Halafu ikakaa. Halafu mara ya pili.

"Vuta!" nikapiga kelele, nikaurukia mpini na mimi.

Alipotokea alikuwa amewaka. Akaruka nje ya kapu, akanijia moja kwa moja. "Ni wewe? Wanasema ni wewe umempiga Nyapara, unaleta fujo, unatupandisha kama mbuzi?" Akanizaba kofi, masikio yakaimba. Nikafurahi. Akainua mkono wa pili, halafu akaona watu wote wanatazama chini.

Suruali yake ilikuwa imelowa. Kutoka nyayo mpaka kwenye vigimbi, kwa mstari ulionyooka kama umepigwa rula. Maji meusi yanamtoka, yanatengeneza kidimbwi.

"Nini hii?" akasema. Sauti imebadilika. "Mimi... nilidhani nimepiga teke ndoo."

Kisha harufu ikapanda. Yai viza. Ilitoka shimoni taratibu, ikatuingia puani wote, na nyuma yake sauti, si kubwa, kama mtu mzito anageuka kitandani. Kapu lililokuwa likining'inia likaanza kuyumba lenyewe kwa upepo uliokuwa unasukumwa kutoka chini. Adhuhuri tulipoteremsha ndoo, haikufika hata nusu ya kamba. Ilirudi imejaa.

Hayo ndiyo watu wanayoyajua. Wanajua pia kwamba Mwalimu Lian alisoma vibaya, maana alisema mwenyewe, na msoma mistari anayekiri kusoma vibaya hana kazi tena, hata kama watu tisa wako hai. Na wanajua Watatu, mdogo wake Dequan, alinusa hatari akampiga Nyapara pua kwa ajili ya kaka yake. Walininywesha pombe siku tatu. Mtoto wa shemeji alipozaliwa wakampa jina lenye herufi ya jina langu. Mimi nikapokea. Nikanywa, nikapokea.

Siku ya nne nikaenda kwa mzee. Mkewe amesharudi, anapangusa siki iliyokaukia sakafuni. Akaniuliza jambo moja tu: "Nani alichora?" Mumewe akamwambia, "Wewe pangusa." Mama akanitazama, akaendelea kupangusa. Nadhani anajua.

"Nitawaambia," nikamwambia Mwalimu. "Leo hii. Karatasi ile—"

"Karatasi gani? Unaiona wapi?"

Ndipo nikaelewa. Siku zile zote nilidhani aliila ili watu wapande. Kuichana tu kungetosha kwa hilo. Angeweza kuitupa shimoni. Lakini kwenye karatasi ile kulikuwa na kiduara changu, mahali pasipo pake, kwa mkono wangu. Na kwenye kikosi kulikuwa na watu waliokuwa wameona ni mara ya ngapi sarafu zilipolala chali. Mtu mmoja angekumbuka, angetazama, angehesabu.

"Watakucheka," nikasema.

"Wananicheka tangu zamani. Bata wenyewe wananicheka." Kisha akanishika mkono, kiganja chake baridi kama ule ukuta. "Sikiliza, Watatu. Mimi saba ninao tayari shingoni, wa nane nisingemhisi sana. Wewe huna hata mmoja. Kaa hivyo hivyo."

Sasa anauza siki. Anaipika mkewe, yeye anabeba. Bata bado anawakwepa.

Na mimi nimekaa hivyo hivyo mwaka na nusu. Silali. Nikifumba macho naona kamba haitikisiki. Jana muuza tofu kapiga kelele yake, watu wakacheka, na kaka yangu Dequan alikuwepo. Naye akacheka. Kaka yangu, anamcheka yule mzee, mbele yangu, mtoto kambeba begani. Ngumi zilikunjika, sikujua nimpige nani.

Basi nimeandika. Kesho nampelekea Dequan. Hajui kusoma, itabidi nimsomee kwa mdomo wangu mwenyewe, kuanzia juu mpaka mwisho, na shemeji atakuwa amekaa pale anasikiliza. Nimeshamwambia Mwalimu. Hakusema niende, hakusema nisiende. Aliweka mitungi chini, akaniuliza kama nimekula.

Siku ile nilikuwa namwogopea kaka. Hii ya kesho naogopa atakavyonitazama.